Mgonjwa Aliyesindikiza Wageni

Nyinyi mliovaa sare juzi na bado mnajitazama kwenye kioo kama maharusi, sogeeni karibu. Walimu wenu wamewafundisha vyumba vya moyo na majina ya mishipa, na hayo yote ni kweli, myashike. Mimi nimestaafu na sina mtihani wa kuwapa. Nina hadithi tu za miaka mingi ya kuwatembeza watu ambao moyo uliwahi kuwatisha, kazi niliyoifanya hapa Nakuru mpaka wagonjwa wakasahau jina langu wakaniita Mwalimu wa PE, kama yule wa mazoezi shuleni.

Jina hilo lilinikasirisha mwanzoni. Nilikuwa nimesomea tiba ya viungo kwa taabu, binti wa fundi wa reli aliyetoka magharibi, na nilitegemea kuitwa daktari angalau na watu wa kwetu. Badala yake mzee mzima anaingia kliniki ameshika kifua, ananiuliza kama leo tutaruka kamba. Baadaye nililipenda, kwa sababu mtu akianza kukutania ujue woga umepungua, na nusu ya kazi yetu ni kuondoa woga. Mtu akishapata mshtuko wa moyo huanza kuishi kana kwamba amebeba yai kifuani. Hainami, hacheki sana, hata mlango anaufunga polepole. Sasa wewe ndiye wa kumweleza kwamba hilo analodhani ni yai ni msuli, na msuli usipotumiwa hulegea.

Najua mnapenda mashine. Hata mimi, siku tuliyoletewa ile mashine ya kutembea, yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, niliifuta vumbi mwenyewe asubuhi na jioni. Mgonjwa wa kwanza kuipanda alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi kutoka Rongai, mtu wa haraka haraka asiyependa kupotezewa wakati. Alitembea kidogo, akatazama dirishani, akatembea tena, akaona dirisha ni lile lile. Akaniuliza, "Madam, na hii safari inaenda wapi?" Nikamweleza kwamba haiendi popote, hapo ndipo tunapofanyia mazoezi. Akashuka akavaa viatu vyake. "Basi nimefika," akasema, na hakuipanda tena. Tulimtembeza kwenye ua akituhesabia makosa ya wanunuzi wake, na alipona vizuri.

Kumwongelesha mgonjwa hivyo nilifundishwa na Bwana Otieno, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi nilipoanza. Alikuwa na saa nzuri ya mkononi na alijua kupima mapigo kuliko mtu yeyote, lakini kipimo alichokiamini zaidi kilikuwa mdomo wa mgonjwa. Mtu akiweza kutembea huku akiongea sentensi nzima, alisema, huo ndio mwendo wake. Akiweza kuimba, mwongeze, anakudanganya. Akianza kukujibu neno moja moja, punguza. Akinyamaza, simama naye, na akishika kifua au akiona kizunguzungu, mkalishe na utafute msaada mara moja. Na usimuulize habari za ugonjwa mnapotembea, kwa sababu mtu akiulizwa ugonjwa anaanza kusikiliza kifua chake. Muulize habari za jirani yake.

Alinifundisha pia kutazama viatu kabla ya kutazama kifua. Wagonjwa wangu wengi walikuja kwa gambuti na sandali za plastiki, na mimi nawapangia mwendo kama watu wenye raba. Mara moja nilimwamuru kijana mmoja wa Kaptembwo, mchuuzi wa mitumba, atembee kila siku bila kukosa. Alinitazama kwa huruma, kwa maana alikuwa amebeba robota lake begani tangu alfajiri mtaa hadi mtaa. "Madam, si mimi hutembea tu siku mzima?" akasema. Huyo hakuhitaji kutembezwa. Alihitaji kufundishwa kugawa mzigo kwenye mifuko miwili, kuanza polepole, kupumzika kabla pumzi haijamwishia, na kuacha kushindana na vijana wenzake kupanda ngazi za gorofa. Kila nikimkumbuka hucheka peke yangu.

Lakini aliyenifunza kazi hii hasa ni Mzee Kirui. Huyu alikuwa mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, mrefu, mwembamba, mwenye maneno, aliyepata mshtuko wa moyo akiwa shambani. Madaktari walifanya kazi yao vizuri. Alipoletwa kwangu alitembea ukumbini akinieleza ni mbegu gani ya viazi inayovumilia baridi, na sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo. Siku ya kumruhusu nilimwambia yeye na mwanawe mkubwa, Benard, maneno niliyokuwa nikimwambia kila mtu. Atembee kila siku, mahali tambarare, aongeze kidogo kidogo.

Aliporudi kliniki baada ya wiki kadhaa nilishtuka. Alikuwa amenenepa tumboni na kukonda miguuni, na kutoka mlangoni hadi kwenye kiti tu alikuwa akihema. Daktari akampima, akasema moyo uko sawa na dawa zinafanya kazi. Nikamuuliza mzee kama anatembea. Akasema anatembea. Mkewe, Mama Benard, akageuka kutazama dirishani, nami nikajua hakuna kutembea kokote. Nikamwomba Benard anibebe kwenye pikapu yake Jumamosi akienda nyumbani.

Benard ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ni mtu mzuri, mkarimu, mwenye tumbo la mtu anayefika kila mahali kwa gari. Tulipopita Molo akaniambia jambo ambalo familia ilikuwa imekwisha kuamua. Alikuwa amempatia baba yake nyumba ya kupanga Nakuru, chini kabisa, kwenye mtaa usio na mwinuko hata mmoja. Shamba litakodishwa na ng'ombe watauzwa. Nikamuuliza ni nani aliyewashauri hivyo. Akanitazama kwa mshangao.

"Si ni wewe, madam? Ulisema tambarare. Na Kuresoi hakuna tambarare."

Tukafika. Pikapu iliachwa barabarani, na mbele yangu kulikuwa na kilima, na bati la nyumba ya Mzee Kirui liking'aa juu yake. Nyumba, zizi, choo, tangi la maji, kila kitu kilikuwa juu au chini ya kitu kingine. Mahali pekee palipokuwa tambarare katika boma lile palikuwa juu ya meza. Nilipanda kilima kile nikihema na kuona aibu, kwa sababu kwa neno moja nililolisema bila kuuliza mtu anaishi wapi, mzee wa watu alikuwa karibu kung'olewa kwenye shamba alilolima maisha yake yote.

Tulimkuta amekaa uani kwenye kochi lililotolewa sebuleni, blanketi magotini, kofia ya sufu kichwani, amezungukwa na wageni. Nyinyi wa mjini huenda mmesahau jinsi mgonjwa anavyotembelewa kule. Kila mtu lazima aje amwone. Wanakuja majirani, wanakuja wa ukoo, wanakuja akina mama wa kanisa kwa vikundi, na kila kikundi kina mkate, soda, wimbo na maombi. Mgonjwa hawezi kwenda popote, kwa sababu wageni wakija wasimkute wataona wamedharauliwa. Hawezi kukataa chai, kwa sababu imepikwa kwa ajili ya walioleta mkate. Mzee alikuwa akikaa, akinywa chai yenye sukari nyingi na kuombewa, tangu umande ukauke hadi jioni. Alipojaribu kusimama kunisalimia, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kichwa cha buluu alimsukuma begani kwa upole, akamrudisha kochini. Huyo alikuwa Mama Grace, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa.

Nilimpeleka mzee nyuma ya nyumba kwa kisingizio cha kumpima. Huko ndiko alikoniambia la moyoni, bila kupandisha sauti.

"Madam, hii moyo ilijaribu kuniua ikashindwa. Hiyo nyumba ya kupanga ndiyo itaweza. Nitaamka asubuhi nifanye nini huko? Niangalie ukuta? Ongea na Benard. Wewe atakusikia."

Nilimwambia ukweli, kwamba siwezi kumwambia Benard kuwa baba yake anaweza kuishi kilimani wakati anahema akitoka kochini. Nikaongea na Benard hata hivyo. Tukakubaliana wangoje mpaka viazi vivunwe. Mzee akiweza kushuka hadi barabarani na kupanda tena hadi mlangoni bila shida, atabaki. Asipoweza, atahamia Nakuru na hakuna atakayelalamika. Mzee alikubali. Mimi ndiye niliyebaki nikijiuliza atafanya mazoezi saa ngapi, na wageni ndio hao hawaishi.

Jibu nililipata jioni ile ile, nikiwa nimekaa tu na kikombe cha chai. Kila kikundi kilipoaga, Mama Benard alijifunga leso akakisindikiza. Huwezi kumwacha mgeni aondoke peke yake kama aliyefukuzwa. Aliteremka nao wakizungumza, akawaacha njiani, akapanda kurudi, akakuta wengine wanaaga, akateremka tena. Hakuwa akihema. Miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mtoto wake, na mdomo wake haukupumzika hata mara moja. Nikamkumbuka Bwana Otieno na kipimo chake. Watu wanaosindikizana hawawezi kwenda mbio, wanasimama mara kwa mara kumalizia habari, na wanaongea njia nzima. Mazoezi yangu yote yalikuwa hapo mbele ya macho yangu, na aliyekuwa akiyafanya ni mke wa mgonjwa.

Nikasimama nikatangaza kwamba kuanzia leo Mzee Kirui ndiye atakayesindikiza wageni. Ua mzima ulinigeukia. Mama Grace aliniuliza mgonjwa atasindikiza watu namna gani, na ni nani anayetaka kuambiwa kesho kwamba walikuja kumwona mgonjwa wakamchosha. Nilimwelewa. Nikamwambia aibu itakuwa kubwa zaidi wakiendelea kumlisha mkate mpaka miguu imwishe nguvu, na kwamba atakwenda hadi langoni tu, polepole, na mmoja wao atarudi naye. Kazi yao ni kumuuliza maswali. Akijibu vizuri, mwendo ni sawa. Akikata maneno, wasimame wote wajifanye wanatazama mashamba. Mama Grace alikaza kitambaa chake cha kichwa. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kumuuliza habari za mpaka wa shamba la shemeji yake, kwa kuwa amekuwa akitaka kuzijua kwa muda mrefu. Nikamwambia hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Tangu siku ile sikuhitaji msaidizi mwingine Kuresoi. Mama Grace aliwapanga wageni kwa zamu ili wasije wote siku moja, akapiga soda marufuku, na mtu aliyeleta mkate alirudi nao. Alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu karibu kila jioni, mrefu kama taarifa ya habari. Mzee amefika langoni. Mzee amefika kwenye zizi la jirani na ameongea njia nzima, tena ametukana kidogo. Mzee ameanza kuimba, tumemwongezea mwendo. Nilikuwa nikiwasikilizisha wenzangu kliniki wakati wa chai, nao wakisikia sauti yake wanasogeza viti.

Msidhani mambo yalinyooka tu. Siku moja ujumbe haukuja, ikaja simu ya Benard. Baba alikuwa amebanwa na kifua akipanda, amekaa chini njiani, ameweka kidonge chini ya ulimi kama alivyofundishwa, na kifua kikaachia. Walimleta Nakuru siku ile ile, na nilipomwona kwenye kile kitanda cha magurudumu nililia, siwafichi. Nilidhani nimemuua mtu kwa ujanja wangu. Daktari alimkagua kwa makini, akabadilisha dawa moja, akasema hakuna kilichoharibika. Baadaye nikapata habari kamili. Alikuwa amekula ugali akaondoka hapo hapo, kulikuwa na baridi ya ukungu, alikuwa amembebea Mama Grace kikapu, na walikuwa wanabishana siasa. Kilichokuwa kibaya zaidi, alikuwa amepanda wima kwa njia ya mkato.

Tukaweka masharti mapya. Chakula kitulie kwanza tumboni. Ukungu uondoke. Asibebe kitu. Siasa ziachwe barabarani. Na apande kwa njia ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hapandi kilima wima hata siku moja, huenda kwa kuzunguka pembeni, na ndiyo maana hafiki juu akihema. Akifika juu asikae ghafla, azunguke uani kidogo mpaka mapigo yatulie. Hayo yaandikeni vichwani mwenu, maana milima haitaondoka Kuresoi kwa ajili ya vitabu vyetu. Mzee alirudi nyumbani akaanza tena kutoka langoni, bila kununa.

Benard, hata hivyo, alikuwa ameogopa. Siwezi kumlaumu, alikuwa amemwona baba yake amelala kwenye kitanda cha magurudumu kwa mara ya pili. Viazi vilipovunwa alinipigia akasema hatangoja kujaribu chochote, anakwenda kumleta baba, na akaniomba nije pamoja naye na mdogo wake kwa kuwa mzee hunisikiliza. Nilikubali, nikiwa na nia ya kuwatetea wote wawili, sijui kwa njia gani. Tulipofika tuliambiwa mzee amewasindikiza akina mama hadi kanisani, ng'ambo ya barabara. Benard na mdogo wake hawakungoja. Walichukua kitanda cha baba yao, kile kizito cha mbao, wakakiteremsha kilima, wakakifunga kwenye pikapu pamoja na godoro. Mama Benard alikaa jikoni akakataa kutoka.

Mzee Kirui alitokea kwenye njia ya kanisa akiwa na fimbo na koti lake la Jumapili. Alisimama nyuma ya pikapu akatazama kile kitanda kwa muda. Akina mama waliokuwa naye wakajipanga kando yake, Mama Grace akiwa wa kwanza.

"Hicho ni kitanda yangu," akasema.

Benard akaanza kueleza, kuhusu kifua, kuhusu usiku ambao hakuna gari, kuhusu jinsi asivyotaka kupigiwa simu akaambiwa baba amepatikana njiani. Nilimhurumia sana. Alikuwa mtoto mwenye hofu, hana ubaya wowote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega.

"Nimekusikia, Benard. Sasa mimi napanda kwenda nyumbani na nitakuwa naongea. Mkisikia nimenyamaza, hata kidogo, mniteremshe mnipakie hapo kando ya kitanda, na sitasema kitu. Lakini mje nayo huko juu. Sitaki kuteremka tena kuifuata."

Benard alinitazama. Nikamshika mzee mkono nikasikiliza mapigo, nikamwangalia midomo na viatu, nikahakikisha vidonge viko mfukoni. Nikasema aende, kwa njia ya ng'ombe. Alitaka kubeba godoro nikamkatalia, nikampa mto. Wana wake wakafungua kamba wakainua kitanda, mmoja mbele mmoja nyuma, na mimi nikajitwika godoro kwa sababu hapakuwa na mwingine, akina mama walikuwa wamekataa kugusa chochote kinachohusu kuhama.

Mzee Kirui alitangulia na mto wake kwapani na kuanza kutueleza mambo ya viazi. Alieleza mbegu, akaeleza baridi ya alfajiri, akaeleza dalali mmoja mwongo na alichomjibu. Penye zizi la jirani alisimama kidogo, akamalizia habari, akaendelea. Nyuma yangu nilisikia kitanda kikigonga mawe na Benard akimwambia mdogo wake apunguze, kisha nikasikia kugonga tu. Mimi mwenyewe niliacha kusikiliza habari za dalali nikaanza kusikiliza kifua changu. Mzee alipofika mlangoni alizunguka uani kama tulivyokubaliana, akampa mkewe mto, kisha akageuka kututazama tukimalizia mwinuko wa mwisho.

"Benard," akauliza, "mbona umenyamaza?"

Benard alitua kitanda mbele ya mlango wa baba yake, akainua mkono mmoja kuomba tungoje, kwa maana hakuwa na pumzi ya kumjibu.